Kando ya Jiko: Tulikwenda ziwani, tukala Thomson

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaongea juu ya kuanika muhogo wakati mvua haijakatika. Muhogo utangoja. Kuna habari ya samaki ambayo imekwisha zunguka Kiambi yote, kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wanaongeza chumvi kuliko ile tuliyoikuta kwenye sahani. Acheni niieleze mimi niliyekuwepo, kwa sababu nami nina kosa langu ndani yake, na kosa lenyewe ni la fedha zenu.

Wote mnamjua kambo wetu, mtunza sanduku wa AVEC. Sitaandika jina lake maana hapendi. Tangu tulipoanza kuweka akiba, sanduku lenye kufuli tatu linalala kwake, funguo zinalala kwa wamama wengine watatu, na haijapotea hata franka moja. Wale waliokuwepo miaka ile ya 2016 na 2017, watu wa Tanganyika walipokuwa wanakimbia ovyo, wanakumbuka namna alivyotoka nyumbani. Wengine walibeba sufuria, wengine godoro. Yeye alilifunga sanduku mgongoni kwa kitenge, akalifunika kichwa kama mtoto mwenye homa, akatembea nalo siku mbili. Watu njiani walimpa pole ya mtoto. Alijibu asante.

Siku ya kugawana, mwisho wa mzunguko uliopita, prezida alimwuliza angependa kikundi kimpe nini. Tulifikiri atasema kitenge. Akasema: «Mimi nilizaliwa Kalemie, wakati inaitwa bado Albertville. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye treni. Siku ya mshahara alileta kuhe. Nimeolewa huku, nimekula samaki wa Luvua maisha yote, na ni wazuri, siwatukani. Lakini macho yangu yanafunga. Ningependa kula kuhe mara moja tena.»

Hamkuhitaji kusukumwa. Wamama 25, kila mmoja 3,000, jumla 75,000 franka za Kongo. Najua kwa baadhi yenu hiyo 3,000 ilikuwa chumvi na sabuni ya juma zima. Mmoja aliileta kwa noti za 100 na 200, zimefungwa kwenye jani la daftari. Nilizipokea mimi, nikazihesabu mbele yenu, nikaambiwa: mama, wewe unakwenda naye, hakikisha amekula vizuri.

Watoto wake walilipa safari, kwa sababu hata hivyo alikuwa lazima aonwe na daktari wa macho. Mimi nilikuwa nakwenda kununua ndakala za kuuza, na dada mmoja kijana wa kikundi chetu alitusindikiza kwa ajili ya mizigo. Sitawachosha na barabara. Moto mpaka Manono, kisha kamio, kisha kukaa chini kungoja kamio itoke kwenye matope, kisha kamio nyingine. Ilikuwa mwezi wa nne, mnajua mwezi wa nne ulivyo.

Tulifika usiku. Kambo hakuomba maji wala kitanda. Alisimama uani kwa ndugu zake, akanusa upepo wa ziwa, akaniuliza: «Mwezi uko namna gani?» Nikamwambia umejaa, mviringo kabisa. Akasema: «Basi kesho samaki watakuwa wachache. Mwezi ukiwa hivyo taa hazina kazi.»

Kwa sisi wa mtoni hilo linataka maelezo. Pale ziwani ndakala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa taa za mafuta zenye kupigwa pampu, siku hizi ni balbu za betri. Ndakala hufuata mwanga, na mikebuka, ambaye chakula chake ni ndakala, huja nyuma yao. Ukisimama ufukweni usiku wa giza unaona taa zimejaa majini kama mji mwingine. Lakini mwezi ukijaa, mwanga uko kila mahali, ndakala hawakusanyiki, na wavuvi wengi hubaki kushona nyavu. Kambo, ambaye hakai tena ziwani tangu ujana wake, alikuwa anaijua hiyo hesabu. Mimi, ambaye nilikuwa nimekuja kununua ndakala, sikuifikiria hata kidogo. Nilipoteza siku nne za biashara kwa kutokutazama juu.

Sasa kosa langu.

Kesho yake tulipotoka kwa daktari, jirani wa ndugu zake alituambia: kwa samaki nendeni kule chini, kwa wamama wa malewa karibu na mahali mitumbwi inapofikia, mtakula kile kilichotoka majini. Nilitazama. Ni mabati juu, benchi la mbao, moshi, mbwa wawili. Moyoni nikasema, fedha za wamama 25, na mzee huyu aliyebeba sanduku letu mgongoni, nimketishe kwenye benchi kando ya mbwa? Hapana. Nilikuwa nimeona restora moja yenye milango ya vioo, viti vyenye mito, na picha kubwa ya samaki ukutani. Ni ya wale wenye restora nyingi katika miji mbalimbali, zote rangi moja, jina moja, wahudumu wote shati moja. Jina silitaji. Nilitaka tuingie mahali ambapo nikirudi nitawaambia: tulimpeleka pazuri. Nadhani mnanielewa. Nadhani pia nilitaka kukaa mimi kwenye kile kiti.

Kijana wa kuhudumia alikuja na kitabu cha vyakula chenye picha. Alikuwa na adabu, hilo niliseme mapema. Kambo hakukishika kitabu, macho hayamruhusu. Akauliza:

«Mtoto wangu, kuhe iko?»

«Kuhe haiko leo, kambo.»

«Sangala?»

«Sangala pia haiko.»

«Mikebuka basi.»

Kijana akanitazama mimi, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye picha. Pale iliandikwa kwa Kifaransa, samaki wa ziwa wa kukaanga, na wali au ugali, 22,000 franka. «Iko hii,» akasema. Nikamwuliza ni samaki gani. Akasema: «Ni ya ziwa, mama. Imeandikwa.»

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Mtu anayejibu «imeandikwa» hajasema ni samaki gani. Lakini kiti kilikuwa kizuri, feni ilikuwa inazunguka, na kambo alikuwa amekwisha nawa mikono. Nikakomanda tatu.

Tulingoja muda ambao ningeweza kupika maharagwe. Sahani zilipokuja zilikuwa kubwa sana, samaki amelala katikati, kipande cha limau, majani mawili ya saladi, na wali umekandamizwa kwa kikombe ukasimama kama kichuguu. Mafuta yalikuwa yananuka kuchoka. Mnajua ile harufu ya mafuta yaliyokwisha kukaanga beignets, kuku, viazi, na bado hayajaachwa yapumzike. Samaki alikuwa mweusi nje na ndani ya mgongo kuna ubaridi.

Kambo hakuanza kula. Aliweka vidole viwili juu ya samaki, akavipitisha taratibu kutoka shingo mpaka mkiani, akarudia. Kisha akatabasamu namna ambayo sikuipenda, akaniambia kwa sauti ya chini: «Mwanangu, huyu ni Thomson.»

Alikuwa amekuta ule mstari wa magamba magumu ubavuni, ambayo yanakwaruza kama msumeno mdogo. Mama yeyote aliyewahi kusafisha Thomson anayajua, yamekwisha kutuchoma vidole wote. Samaki wa ziwa letu hawana kitu hicho. Mikebuka ni mwembamba, laini ubavuni. Sangala ana mwili mnene na mapezi yenye miiba mgongoni. Kuhe ni mkubwa, wa manjano yenye mabaka meusi, nyama yake nyeupe inaachana vipande vipande. Kambo, ambaye hakuweza kuona picha ukutani, alimtambua yule samaki kwa ngozi. Mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa nimeshamkomanda.

Nataka niseme neno moja kwa ajili ya Thomson, maana nasikia sasa hapa Kiambi watu wanamcheka. Thomson hana kosa. Ni samaki wa bahari, Wafaransa wanamwita chinchard, wengi wanaoletwa kwetu Kongo hutoka Namibia, wamegandishwa ndani ya kartoni. Ana mafuta mazuri, ana nyama, na amelisha familia nyingi za Lubumbashi na Kinshasa ambazo hazina ziwa mlangoni. Akihifadhiwa vizuri kwenye baridi na kupikwa vizuri, mtoto anakula na kukua. Kilichotuuma ni kwamba tulitembea siku zote hizo mpaka kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita karibu 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani, tukaletewa samaki wa bahari kwa jina la ziwa na kwa bei ya ziwa.

Nilitaka kupiga kelele. Nilisimama tayari. Kambo akanishika kitenge, akamwita kijana, akamwambia aketi. Hakuthubutu kuketi, akainama.

«Mtoto wangu, mimi sikasiriki. Niambie tu jina la samaki huyu.»

Kijana akatazama mlango wa jikoni. «Ni Thomson, kambo. Lakini nisamehe, tuliambiwa tuseme vile imeandikwa.»

Msimamizi alikuja, mtu wa heshima zake, shati safi. Alitueleza bila aibu, na kwa kweli maelezo yake ndiyo yaliyonifundisha mambo mengi. Akasema restora zao zote lazima ziwe na sahani moja, saizi moja, bei moja. Samaki wa ziwa hana saizi: leo mkubwa, kesho mdogo, keshokutwa hayupo kwa sababu ya mwezi au upepo. Thomson huja kwenye kartoni, wote sawa. Wao huwapata kupitia Zambia, mpaka bandari ya Mpulungu, kisha wanapakiwa kwenye chombo mpaka Kalemie. Kambo akauliza: «Kwa hiyo wanapita juu ya ziwa?» Akajibu ndiyo. «Samaki wa bahari anapanda boti juu ya vichwa vya mikebuka, anakuja kuitwa jina lao.» Msimamizi mwenyewe alicheka. Lakini kitabu hakubadilisha.

Nilimwambia kwamba hatutalipa samaki, tutalipa wali na Fanta. Akasema sawa, hakuna shida, atatoa sahani tatu kwenye faktire. Nilifurahi, nikaona nimeshinda. Kisha akamgeukia kijana akasema kwa Kifaransa, akifikiri labda sisi wa kijijini hatusikii, kwamba zile 66,000 atakatwa yeye kwenye mshahara, kwa sababu ndiye aliyekubali kwamba si samaki wa ziwa.

Sasa wamama, hapa ndipo mnapobishana, nami nawaandikia yote ili mbishane mkijua. Kijana alikuwa hajalipwa tangu mwezi wa pili, alikuja kutuambia baadaye nje. Ana mke na mtoto wa miezi mitano. Kosa lake siku ile lilikuwa kumjibu mzee ukweli. Kambo aliuliza nini kimesemwa, nikamtafsiria. Akakaa kimya kidogo, akaniambia: «Lipa.»

Nikamwambia kambo, fedha hizi si zangu wala zako, ni za wamama. Akasema: «Ni zawadi yangu, mmenipa. Lipa yote. Sitaki mtoto wa mtu akatwe kwa sababu amenijibu.»

Nililipa. Samaki tatu 66,000, Fanta tatu 7,500, jumla 73,500. Niliomba faktire na ninayo, imeandikwa «samaki wa ziwa», mhuri juu yake. Mkitaka kuiona njoni nyumbani.

Laiti ingeishia hapo. Mimi na dada kijana tulikuwa na njaa ya safari, na fedha zimeshatoka, tukala. Kambo alikula wali tu na kidogo cha mkia. Haikupita nusu saa, dada akaanza kusema midomo inamchoma kama amekula pilipili, na hakuna pilipili iliyokuwepo. Uso ukawa wa moto, shingo imevimba mabaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Ananyonyesha, mnamjua. Nilifikiri nitarudi Kiambi na maiti. Tulimpandisha moto mpaka kituo cha afya, muuguzi akauliza swali moja tu: mmekula samaki gani? Akampa dawa, akamkalisha pale, na kufika usiku alikuwa mzima, ameona aibu kwamba ametusumbua.

Yule muuguzi alitueleza jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko 73,500, kwa hiyo someni polepole. Samaki wa namna ya Thomson, makreli na tuna, wakikaa nje ya baridi, nyama yao inatengeneza sumu. Tena si lazima wanuke. Wakigandishwa tena, sumu inabaki. Wakikaangwa mpaka wawe mkaa, sumu inabaki, kwa sababu moto unaua vijidudu lakini hauondoi kile ambacho vijidudu wamekwisha tengeneza. Dalili huja haraka: midomo na ulimi kuchoma, uso kuwa moto, vipele, kichwa, pengine kutapika na kuhara. Watu hufikiri ni uchawi, au kwamba mtu anakataliwa na samaki. Mwone muuguzi, hasa kama anapumua kwa shida. Kule tulikolala umeme ulikuwa umekatika usiku mbili mfululizo, na frigo bila umeme ni kabati tu. Sikuwa jikoni mwao, sitasema nisichokiona. Asubuhi nilirudi kumwambia msimamizi kilichompata dada. Akaniambia hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Hata pole hakuitoa.

Kwa sisi tunaonunua Thomson Manono au akipita kamio: tazama kartoni. Kama imelowa na kukauka, na samaki wameshikana kuwa bonge moja la barafu lililopinda, waliyeyuka wakagandishwa tena. Mafuta ya tumboni yakiwa ya manjano kama kutu, amekaa sana. Mpike siku ileile ameyeyuka, usimwache kwenye beseni mpaka jioni ukisema ana chumvi. Samaki mbichi wa mtoni au wa ziwa ni rahisi zaidi kumjua: jicho limejaa na linang'aa, shavu ndani ni jekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, na ananuka maji.

Nirudi Kalemie. Siku ya tatu, kambo mwenyewe ndiye aliyesema twende kwa wamama wa malewa. Tuliketi kwenye benchi. Mbwa walikuwepo. Kuhe hakukuwa. Mama wa pale alisema kuhe sasa ni wa bahati, na akiletwa hununuliwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Alikuwa na mikebuka wanne, si wakubwa, wamevuliwa usiku ule licha ya mwezi. Alitueleza jina la kila kitu bila kuulizwa, pamoja na bei, 4,000 kila mmoja. Nililipa kwa fedha yangu, 12,000 kwa watatu.

Nilimtazama anavyopika. Samaki anakatwa vipande vikubwa, anapangwa kwenye sufuria juu ya vitunguu, nyanya nyingi juu yake, chumvi, mawese kijiko kimoja tu, pilipili nzima isiyopasuliwa. Maji kidogo sana, maana nyanya na samaki wana maji yao. Hakuna kukoroga: anashika sufuria kwa vitambaa viwili anaitikisa. Dakika kama kumi na tano. Dada aliogopa kula, baadaye akala mpaka akalamba kijiko.

Kambo alikula polepole, anatoa mifupa kwa ulimi kama msichana. Nikamwuliza, ni kama ule wa baba? Akasema: «Hapana. Huyu ni mikebuka. Mimi nilitaka kuhe.» Kisha akaomba ugali tena.

Alinisimulia kwamba baba yake alimwambia kuhe, dume na jike, hukaa wote wawili kulinda watoto wao, hawaondoki. Ni kweli, wataalamu wa samaki pia wameliandika hilo. Na yule mama wa malewa alikuwa na yake ya kusema. Samaki wamepungua, nyavu zimeongezeka na matundu yamekuwa madogo. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia mpaka kwenye nyumba za watu. Upande wa Tanzania mwaka huohuo walifunga uvuvi miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane, na nchi zote nne za ziwa zilikuwa zimekubaliana juu ya mpango huo. Akasema: ni vizuri, samaki wapumzike, lakini miezi mitatu hiyo mimi na watoto tunakula nini? Sikuwa na jibu. Mimi ningeongeza kwamba joto nalo lina mkono wake. Tangu mwaka wa 2003 wataalamu wamechapisha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki tena vizuri na yale ya chini yenye chakula cha samaki. Lakini mwezi ule ziwa halikuwa limefungwa. Na hata lingekuwa limefungwa, restora ingeandika tu: leo tuna Thomson. Kambo angeinuka, tungeenda kwa wamama wa malewa siku ya kwanza, na 73,500 zingenunua mikebuka kumi na wanane.

Hesabu hiyo ya kumi na wanane si yangu, ni ya sekretere wetu, aliyeipiga kwenye mkutano wa Jumamosi mbele ya watu wote. Nawapa yaliyosemwa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani. Wengine walisema kambo alifanya vema, fedha ilikuwa yake tangu alipopewa. Wengine walisema huruma kwa kijana wa Kalemie imelipwa na watoto wa Kiambi, na hilo pia ni kweli, sikulipinga. Mama mmoja alisema kosa si la kambo wala la kijana, ni la yule aliyetaka viti vyenye mito. Nilisimama nikasema ni mimi. Nilijitolea kurudisha nusu, 36,750. Kambo alikataa, prezida akakubali, ikapigiwa kura, nikashinda kwa kura mbili, yaani nimeshinda kulipa. Nimekwisha toa 15,000. Zilizobaki nitatoa ndakala zikiisha kuuzwa, ambazo, kama mnavyojua, nilizinunua ghali kwa sababu ya mwezi. Ziko nyumbani, zimekauka vizuri, hazina mchanga. Wenye watoto wadogo, zisageni pamoja na vichwa na mifupa mtie kijiko kwenye uji.

Kambo alirudi na miwani. Daktari amesema jicho moja linaweza kupasuliwa mwezi wa saba, na itabidi arudi Kalemie. Zile 1,500 zilizobaki amezirudisha kwenye sanduku. Alinitaka nimsomee kaye ili ahakikishe nimeandika sawa. Niliandika: «Zawadi ya mtunza sanduku, samaki wa ziwa, watatu.» Akanizuia kalamu. Nikafuta, nikaandika: «Thomson, watatu.»

Juma lijalo, muhogo.